Mashindano ya War Robots Mwanza: mnashinda kwa vituo, halafu hela mnagawa kwa demeji?

Wakuu, nimekaa na jambo hili siku nne nikisubiri hasira ishuke. Haijashuka, kwa hiyo naliweka hapa na wenye mashindano walisome.

Wiki iliyopita kulikuwa na mashindano ya War Robots, ule mchezo wa simu wa roboti za vita, kwenye gemu senta moja maeneo ya Igoma. Jina silitaji, waliokuwepo wanaijua. Timu nane, kila timu watu sita, kiingilio elfu kumi kwa kichwa, zawadi ya bingwa laki tatu. Sisi sita wa Kirumba tukabeba. Mwenye senta akapiga picha ubao wa matokeo wa fainali, akafungua kikokotoo kwenye simu, akaanza kugawa hela kwa asilimia ya demeji aliyopiga kila mtu, yaani madhara aliyowatia wapinzani. Aliyepiga sana akaondoka na 96,000. Mimi niliyecheza sapoti, yaani wa kutibu wenzangu na kukimbilia vituo, mashindano yote nikakabidhiwa 12,000. Toa kiingilio, inabaki 2,000. Nauli ya kwenda na kurudi na bando nililonunua asubuhi vimeimeza yote. Nimetoa hela mfukoni ili niwe bingwa.

Nilipouliza sheria hiyo ilitangazwa lini, nikajibiwa mbele ya watu: "Dogo, we ulikuwa unazunguka tu, waliopigana ni wenzako." Na wenzangu, watu ninaoshinda nao kijiwe kimoja, wakaangalia chini. Kimya kile kimeniuma kuliko hela.

Kwa wasioujua mchezo. Ni sita kwa sita, mechi dakika 10, kila mtu ana roboti hadi tano kwenye karakana yake, ikilipuliwa moja anatoa nyingine. Uwanjani kuna vituo vitano. Ukikikanyaga kituo kinageuka cha timu yako, na timu yenye vituo vichache mstari wake wa alama kwenye skrini unaanza kupungua. Kwa hiyo unashinda kwa kulipua roboti zote za adui, au kwa kushikilia vituo mpaka mstari wao uishe. Njia zote mbili ni halali, ndivyo mchezo ulivyotengenezwa.

Sasa fainali yenyewe. Ramani, yaani uwanja wa mechi, ilikuwa Yamantau. Wapinzani walikuwa na silaha zilizopandishwa kuliko zetu, na nilishaliona hilo kabla hatujaanza. Nikaingia na Cossack, kiroboti chepesi kinachoruka, nikageuza kituo cha upande wetu, nikaruka hadi cha katikati, nikakigeuza, wakanilipua. Sawa, nilijua watanilipua. Nikatoa Mender.

Mender inatibu roboti za wenzake zilizo karibu nayo. Watu wanadhani ni kubonyeza kitufe. Kwenye mchezo huu sehemu ya pigo hubaki kuwa jeraha la kudumu, na tiba ya kawaida hairudishi sehemu hiyo. Ukibonyeza mapema umetibu mtu mzima, kisha unakaa unasubiri uwezo ujijaze wakati mwenzako anaungua. Ukichelewa unatibu mzoga. Inabidi uwe umeshasoma kwamba huyu anatoka kwenye kona, atapigwa na wawili, atarudi nyuma hivi, na mimi niwe nimeshasimama pale anaporudia, huku nikijificha mwenyewe maana wapinzani wenye akili wanaanza kumtafuta mtibu. Macho yako kwenye uhai wa watu watano kwa dakika 10 nzima. Huyu bwana wa 96,000 nilimwokoa mara nne. Nne, nazikumbuka moja moja. Ya kwanza ilikuwa nyuma ya jengo, amebakiwa na uhai mwembamba kama uzi. Angelipuliwa pale, demeji aliyopiga baada ya pale angeipigia wapi?

Na hapa ndipo wenye mashindano wanijibu. Ukijumlisha ubao ule ule aliopiga picha, wapinzani wetu walipiga demeji NYINGI kuliko sisi. Mstari wao uliisha kwa sababu ya vituo. Kama demeji ndiyo kipimo cha nani kapigana, basi laki tatu ilikuwa ya wale wengine, wangepewa wao. Kama vituo ndivyo vilivyotupa ubingwa, basi waliovigeuza na waliowaweka hai waliovilinda wanahesabiwaje asilimia nne? Chagueni kimoja. Huwezi kumtangaza bingwa kwa mizani hii halafu ukapima hela yake kwa mizani nyingine.

Ugonjwa huu haujaanzia kwenye simu. Mimi nilianzia MechWarrior Online, mchezo mwingine wa roboti za vita, kwenye kompyuta ya kaka, 12 kwa 12. Kule kuna makombora ya masafa marefu, LRM, unayarusha ukiwa nyuma ya kilima humwoni adui kabisa, ilimradi mwenzako anamwona. Mara nyingi mwenzako huyo yuko kwenye Raven, roboti nyepesi ya tani 35. Amemchomeka adui kinasa cha NARC au anamshikia mwale wa TAG ili makombora yamfuate, amebana kwenye mwamba, na Atlas, roboti nzito ya tani 100, ikigeuka tu amekwisha. Makombora yanatua. Demeji inaandikwa kwa nani? Kwa aliyekaa nyuma ya kilima. Aliyeona anapata alama zake za kuona, lakini kwenye gumzo baada ya mechi watu wanasoma safu moja tu, kisha wanamtukana Raven kwamba hana kazi.

Binamu zangu wawili wa Igombe walikuja kutushangilia siku ile. Wanavua dagaa kwenye mtumbwi wa mjomba, na walipata nafasi kwa sababu ilikuwa mbalamwezi, mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa na mitumbwi inakaa ufukweni. Walipoona ule mgawo walishangaa kuliko mimi. Kwenye mtumbwi kuna wanaovuta wavu, kuna anayeangalia taa zinazoelea, kuna anayefua maji yasijae. Mfua maji hagusi dagaa hata mmoja usiku kucha. Asubuhi wakishatoa gharama na fungu la mwenye chombo, kilichobaki kinagawiwa kwa vichwa, na yeye ana kichwa chake. Binamu mkubwa akaniuliza, "Kwani huyu alitaka mzame?" Sikuwa na jibu.

Matokeo yake tunayaona. Timu tatu kati ya nane zilikuja na wapigaji watupu, sita wote mbele, hakuna wa kutibu, hakuna wa kukimbilia kituo. Zote tatu zilitoka raundi ya kwanza. Vijana wadogo waliokuwa pale wakitazama wamejifunza nini? Kwamba ukitaka nauli ya kurudi nyumbani, mwache mwenzako afe, wewe piga namba. Mimi mwenyewe fainali ile ningeweza kutoa roboti yenye bunduki nzito nikajitafutia asilimia zangu ishirini. Tungepoteza, nakuhakikishia, lakini hakuna ambaye angeniambia nilikuwa nazunguka.

Ninachotaka ni mgawo ubandikwe ukutani kabla kiingilio hakijapokelewa, na uwe sawa kwa vichwa sita. Mtu akitaka kumpa mpigaji zawadi ya ziada, aitoe mfukoni mwake, asiikate kwenye fungu la mwingine.

Jana usiku yule wa 96,000 kanitumia ujumbe: "Mdogo wangu, Jumamosi kuna mashindano Nyegezi, njoo na Mender, bila wewe hatutoboi." Nimemjibu anitumie kwanza mgawo ulioandikwa, wenye majina yetu sita na sahihi ya mwenye mashindano. Ameusoma saa tatu usiku. Mpaka naandika hapa hajajibu.