Bosi anasema "secretary" maana yake mtunza siri. Ni kweli?

Mhazili Mpya: Habari zenu wakuu. Nina miezi minne ofisini na usingizi umenikimbia. Bosi kasema hilo jina la kazi yangu kwa Kiingereza limetoka kwenye siri, kwa hiyo nifunge mdomo. Anayejua asili yake anisaidie.

Babu Hatimkato: Kweli, binti yangu. Ni Kilatini, secretarius, kutoka secretum, yaani siri. Waingereza walilichukua karne ya 14, kwa mtu anayeaminiwa siri za mkubwa. Kuandika barua kukafuata. Sisi tuliosoma uhazili Tabora enzi za taipureta tuliandikishwa hatimkato, yale maandishi ya mkato ya kunasa maneno haraka, mpaka vidole vikafa ganzi. Siku hizi mnabonyeza tu.

Shangazi wa Tanga: Mswahili kasema katibu, kutoka Kiarabu kataba, kuandika. Ukoo mmoja na kitabu na maktaba. Kwetu huyo anaandika, kuficha hakumo kwenye jina. Marehemu mume wangu alikuwa katibu wa ushirika, daftari lake alisoma kila mwanachama.

Dogo Mbeya: Mtu hakosi usingizi kwa ajili ya Kilatini. Siri gani?

Mhazili Mpya: Mambo ya kawaida ya ofisi, mkuu.

Dogo Mbeya: Yapi? Funguka.

Mhazili Mpya: Nimechapa muhtasari wa kikao cha manunuzi ya samani. Kikao hakikukaa. Majina ya wajumbe nimeyaweka, na kwenye nafasi ya katibu nimesaini mimi. Msinihukumu, mkataba wangu ni wa muda na mama anaumwa. Na jina la kazi ndivyo linavyosema, Babu kathibitisha.

Babu Hatimkato: Sikuthibitisha hayo! Nimeeleza neno.

Mama Neema: Mkate wa dhuluma haumponyi mama. Tubu.

Kijiti: Hii chai. ID ya leo, uzi wa leo. Nani anampa mgeni wa miezi minne muhtasari wa manunuzi?

Shangazi wa Tanga: Mgeni ndiye anayepewa, mwanangu. Mwenyeji angekataa.

Mhazili Mpya: Si chai. Ningetunga ningejipa sehemu nzuri.

Babu Hatimkato: Binti, kesho asubuhi andika dokezo sabili, yaani maelezo kwenye karatasi ya peke yake nje ya faili, kwa mkuu wa utawala: tarehe, nani kakuagiza, na kwamba kikao hakikukaa. Baki na nakala. Uwahi kabla faili halijafika uhasibu.

Mhazili Mpya: Babu, faili nililipeleka mwenyewe Ijumaa.