Nimetunga muziki wa gitaa tupu kutokana na ilimba ya Kigogo, naombeni ushauri

Solo wa Chamwino:
Wakuu, habari za mihangaiko. Napiga solo kwenye bendi ya maharusi hapa Dodoma, na pembeni natunga vipande vyangu vya gitaa bila kuimba. Chimbuko lake ni ilimba, ile ala ya Kigogo yenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Nimekua nikiisikia kijijini, gumba mbili zikipokezana na ule mvumo unaobaki chini ya kila noti. Nataka Mgogo akisikia gitaa langu ajue limetoka wapi. Shida ni kwamba nikianza kurekodi, mkono unakimbilia sebene, lile gitaa la Kikongo la mwendo kasi. Halafu prodyuza anasisitiza kuwa bila mwimbaji hakuna atakayesikiliza. Nifanyeje?

Mzee wa Ridhim:
Mkuu, angalia benga, muziki wa gitaa wa Waluo. Kina D.O. Misiani walihamishia kwenye gitaa namna nyatiti, kinubi cha Waluo, inavyodonolewa, siyo melodi peke yake. Kwa hiyo kabla ya kutafuta melodi ya ilimba, tafuta kazi ya zile gumba. Weka piki (kile kibapa cha kupigia nyuzi) kando, pigia gumba na shahada tu. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga alipiga hivyo hivyo, na rekodi zake za 1952 wapigaji wanazichambua hadi leo. Sebene itakuachia yenyewe, maana vidole viwili haviwezi kukimbia vile.

Fundi Nyuzi:
Naongezea, na hili ni la muhimu sana. Sauti za Kigogo zinafuata sauti za asili zilizomo ndani ya uzi, ndiyo maana kuna noti moja ya ilimba ambayo kwenye gitaa haipatikani kwa kubonyeza freti (vile vyuma vya shingoni), iko chini kidogo ya noti ya freti. Usiilazimishe kwa kubonyeza. Gusa uzi kwa wepesi bila kukandamiza: juu ya freti ya 5, halafu karibu na ya 4, halafu ukipita kidogo ya 3, halafu kabla hujaifikia ya 3. Hiyo ya mwisho ndiyo noti unayoitafuta. Kwenye gitaa la umeme inatoka vizuri zaidi. Msikilize na marehemu Hukwe Zawose, mpiga ilimba wa Kigogo, kwa makini, utaitambua.

Binti Ganuni:
Huyo prodyuza simuungi mkono hata kidogo. Kwetu Unguja taarab hufunguliwa kwa bashraf, ala tupu, na watu wanatulia wakasikiliza. Siri yake ni mpangilio: kila sehemu mpya ikiisha, wapigaji wote wanarejea kwenye kipande kilekile, na msikilizaji anapata pa kushika. Kaka, kipande chako kina marejeo? Kama hakina, tunga hayo kwanza.

Solo wa Chamwino:
Aisee, ile noti ya karibu na freti ya 3 nimeipata, nywele zimenisimama! Marejeo sina, dada, nayafanyia kazi. Swali moja: melodi mojawapo ni ya ngoma ya kijijini kabisa. Niandike jina langu kama mtunzi?

Mzee wa Ridhim:
Hapana. Andika "melodi ya asili ya Kigogo", jina lako liwe kwenye upangaji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inagusa pia sanaa za asili, kwa hiyo ulizia BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kabla hujauza. Na wazee wa hapo kijijini wasikilizishe kwanza.