Wilkapu za kuziba rimu kwenye Nissan Leaf: zinaongeza kilomita kweli?

Mkazi_wa_Kibaha
Wakuu, salaam. Gari ni Leaf, la umeme, betri ya 40 kWh, rimu za aloi inchi 17, tairi 215/50R17. Njia kubwa ni Dar–Moro. Muuzaji mmoja wa vifaa ana wilkapu za plastiki zilizozibwa kabisa, bapa, anadai zinaongeza asilimia 10 ya umbali kwa chaji moja. Je, ni kweli? Na kwa rimu za aloi zinashika, au zitaishia mtaroni?

Wati_kwa_Kilomita
Asilimia 10 hapana. Faida ipo ila ni ndogo, na inategemea spidi.

Chanzo chake ni hiki. Tairi inapozunguka, sehemu yake ya juu inakwenda mbele mara mbili ya spidi ya gari, na mikono ya rimu inachota hewa na kuitupa nje kama feni. Hewa hiyo inagongana na ile inayopita ubavuni na kuzaa msukosuko unaolivuta gari nyuma. Ukiziba uso wa rimu, feni hiyo inakufa. Ndiyo maana Tesla Model 3 ya rimu za inchi 18 inatoka kiwandani na vifuniko vya plastiki juu ya aloi, na hata Prius za inchi 15 tunazoziona mjini zimekuja hivyohivyo. Kwa Model 3, majaribio ya barabarani huko Marekani yalionyesha nafuu ya karibu asilimia 3 ya umeme, tena kwa spidi za barabara kuu.

Sasa tuipigie hesabu Leaf, kwa hewa ya joto ya Pwani. Kukata upepo peke yake kunakula takriban Wh 23 (Wh 1,000 ni kWh 1) kwa kilomita ukiwa spidi 50, Wh 60 ukiwa 80, na Wh 94 ukiwa 100. Tuseme wilkapu nzuri inapunguza ukinzani wa upepo kwa asilimia 4. Unaokoa Wh 1 kwa spidi 50, Wh 2.4 kwa 80, Wh 3.8 kwa 100. Dar hadi Moro ni kama kilomita 190, kwa hiyo ukishika 80 njia nzima umeokoa karibu nusu kWh, sawa na kilomita 3 hivi. Toa vipande vya spidi 50 vya Mlandizi, Chalinze na vijiji vingine vyote, inapungua zaidi.

Linganisha na mguu wako: kushuka kutoka 100 hadi 80 kwa safari hiyohiyo kunaokoa kama 6 kWh, yaani zaidi ya kilomita 40, bila kununua kitu. Na ukumbuke Moro iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kuupandisha uzito wa Leaf hadi huko kunakula kama 2.5 kWh, na hizo hakuna wilkapu itakayozirudisha.

Rimu_na_Tairi
Mkuu hapo juu amemaliza hesabu, mimi niongezee upande wa kufunga, maana ndipo watu wanapoumia.

Wilkapu za dukani zimetengenezwa kwa rimu za chuma. Nyuma zina pete ya waya inayosukuma vimeno vya plastiki vikamate ukingo wa ndani wa rimu. Rimu nyingi za aloi hazina ukingo huo. Kwa hiyo fundi atakufungia kwa vibano vya plastiki kwenye mikono ya rimu. Vibano vinasugua rangi, vinakauka kwa jua na joto, na kwenye tuta au shimo la kwanza la maana kimoja kinakatika, wilkapu inaanza kucheza. Kwenye spidi 80 unasikia usukani unatetemeka, unadhani ni balansi. Mkia wa kibano ukiachwa mrefu kwa ndani unaweza kugusa kalipa ya breki, kile kibanio cha pedi kwenye diski.

Usikubali mtu akuwekee bamba la plastiki katikati ya nati na rimu. Nati lazima ikae chuma kwa chuma. Plastiki ikibonyea, nati inalegea, na hapo hatuzungumzii tena chaji.

Angalia pia tundu la vali: wilkapu ikiiegemea vali, inaipinda kidogo kidogo na upepo unavuja. Na isichomoze nje kuliko ubavu wa tairi, itagonga kila ukingo wa barabara.

Kama tairi zako zimekaribia kuisha, njia ya maana ni kuhamia rimu za chuma inchi 16 na tairi 205/55R16, saizi ambayo Leaf zenyewe zinatoka nayo kiwandani. Tafuta tundu 5x114.3 (nati tano kwenye duara la milimita 114.3), kitovu milimita 66.1, ofseti karibu 40 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wa kufungia), na nati za koni M12x1.25. Jaribu rimu moja ya mbele kwanza, uizungushe kwa mkono uone haigusi kalipa. Hapo wilkapu bapa itashika vizuri, tena chuma kikiingia shimoni kinapinda, hakipasuki.

Bonde_la_Kitonga
Nakubaliana na mengi, ila nisingezidharau. Anayekwenda Iringa au Dodoma na kurudi, Wh 3 kwa kilomita si kitu cha kutupa, na wilkapu zinanunuliwa mara moja.

Ila zingatia joto la breki. Leaf hutumia sana breki ya kurudisha umeme, diski hazichemki sana. Lakini ukiteremka mlima mrefu na betri imejaa, umeme hauna pa kwenda, breki za kawaida zinabeba kazi yote. Mbele weka zenye nafasi nyembamba pembeni mwa duara. Nyuma ziba kabisa.

Mkazi_wa_Kibaha
Shukrani sana wakuu. Nitasubiri tairi ziishe nihamie 16. Je, nitapimaje kama zimesaidia?

Wati_kwa_Kilomita
Tumia LeafSpy, programu ya simu inayosoma kompyuta ya Leaf, usome Wh zilizotumika; vijiti vya chaji vya dashibodi havitoshi. Chagua kipande tambarare cha kilomita 10, alfajiri kabla upepo haujaanza, AC imezimwa, 80 thabiti, kwenda na kurudi. Pima bila wilkapu, kisha nazo, kisha bila tena. Vipimo viwili vya "bila" vikitofautiana zaidi ya asilimia 1, siku hiyo haifai, rudia.

Kabla ya yote jaza upepo tairi zikiwa baridi, kwa kipimo cha stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Leaf nyingi ni psi 36. Tairi ikishuka hadi 28 inakula Wh 5 hivi zaidi kwa kilomita, na hizo ni nyingi kuliko zinazookolewa na wilkapu zote nne kwenye spidi 100.