Mjadala: Je, grime ni tawi la hip hop au ni muziki unaojitegemea?

Mleta mada

Ndugu wadau wa muziki, kila linapotajwa jina la wachanaji wa London kama Dizzee Rascal, Skepta au Stormzy huzuka swali ambalo hujibiwa kwa haraka mno: je, grime ni hip hop ya Waingereza, au ni kitu kingine kabisa? Naliweka hapa tulijadili kwa utulivu, nami naanza na msimamo wangu, kwamba grime ilipozaliwa haikuwa hip hop, na kwamba ushahidi wa jambo hilo haumo katika mavazi wala lugha ya mtaani, bali katika namna muziki wenyewe ulivyotengenezwa na kuchezwa.

Muziki huu ulichipuka mashariki mwa London, hasa Bow na vitongoji vya jirani, katika miaka ya mwanzo ya 2000, mikononi mwa vijana waliolelewa na jungle na baadaye UK garage, aina mbili za muziki wa dansi wa Uingereza. Wiley alikuwa emsii (mchanaji wa mistari juu ya biti) wa jungle kabla hajawa mtu wa garage, na Pay As You Go Cartel, kundi alilokuwamo, lilihesabiwa kuwa kundi la garage. Walichofanya vijana hawa ni kuivua garage ulaini wake: sauti tamu za waimbaji zikaondoka, besi ikabaki nzito na kavu, nayo kasi ikatulia kwenye mapigo kama 140 kwa dakika, wakati sehemu kubwa ya hip hop ya Marekani ya miaka hiyo ilikwenda kati ya 80 na 100. Hawakutegemea vipande vilivyokatwa kutoka santuri za funk na soul, ambavyo ndivyo vilivyoilea hip hop. Walikaa chumbani na programu ya kutengenezea muziki ya Fruity Loops, na wengine walianzia kwenye Music 2000, iliyochezwa katika PlayStation. Sikilizeni "Pulse X" ya Youngstar ya mwaka 2002 mtaelewa ninachosema: biti inabadilika kila baada ya mistari minane, kana kwamba iliundwa ili kumpa kila emsii zamu yake na kumpokonya.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Makazi ya grime hayakuwa studio wala albamu, yalikuwa redio zisizo na leseni kama Rinse FM na Deja Vu, ambazo antena zao zilifichwa juu ya maghorofa ya halmashauri. Dijei alichanganya santuri za biti tupu kwa saa moja au mbili, na maemsii watano au zaidi wakapokezana kipaza sauti kimoja. Emsii hakuja na wimbo. Alikuja na akiba ya mistari yake minane au kumi na sita, ambayo aliichana juu ya biti yoyote itakayowekwa, wiki hii na wiki ijayo, mpaka wasikilizaji wakaijua kwa moyo na kuisubiri. Mistari ikipokelewa vizuri, dijei aliirudisha santuri mwanzo na kila mtu akaanza upya. Rapa wa hip hop wa wakati huo alipimwa kwa wimbo na albamu, na kurudia ubeti uleule juu ya biti tofauti kungemvunjia heshima. Kwa emsii wa grime, kutorudia ndiko kulikokuwa ajabu.

Nyongeza ndogo: mwaka 2004 Wiley alitoa wimbo "Wot Do U Call It?", unaouliza muziki huu uitwe nini. Majina anayoyapima katika kibwagizo ni garage, urban na 2-step (aina ya garage). Hip hop haimo hata kama jibu la kukataliwa.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Ndugu mleta mada, umeandika vizuri, lakini umeifupisha hip hop ili grime isiweze kuingia ndani yake. Unapima kwa kasi? Miami bass, mtindo wa rap wa Florida, ilikwenda mbio kuliko rap ya New York, na hakuna aliyeliondoa kundi lake la 2 Live Crew katika historia ya hip hop kwa sababu hiyo. Unapima kwa vipande vya funk na soul? Basi utalazimika kuwaondoa maprodyuza wengi wa kusini mwa Marekani, ambao kufikia mwaka 2000 walikuwa wakijenga biti kwa kinanda cha umeme na mashine ya ngoma. Dizzee Rascal hajawahi kuficha mapenzi yake kwa rap ya kusini, na katika albamu yake ya mwaka 2007, Maths + English, aliwashirikisha UGK, kundi la Bun B na Pimp C wa Texas. Aliyewaalika hao alijua anawaalika watu wa kazi moja.

Hoja yako ya redio ndiyo yenye nguvu, lakini naona inakugeukia. Unasema emsii wa grime hakuwa na wimbo, alikuwa na akiba ya mistari, dijei na umati. Hiyo ndiyo picha halisi ya hip hop ya Bronx, mtaa wa New York ilikozaliwa, kabla ya mwaka 1979. Tangu sherehe ya DJ Kool Herc tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, hadi "Rapper's Delight", wimbo wa rap wa kwanza kuvuma, ulipotoka mwaka huo wa 1979, hip hop ilikuwa jambo la ukumbini: dijei na santuri mbili, maemsii wakipokezana, misemo ileile ikirudiwa kila wikendi kwa sababu umati uliisubiri. Sifa zake zilisafiri kwa kaseti za kurekodiwa ukumbini. Kwa hiyo unachokiita tofauti ya grime na hip hop, mimi nakiona kuwa ni tofauti ya hip hop changa na hip hop iliyokwisha kuingia sokoni. Vijana wa Bow walirudia hatua ambayo Wamarekani walikuwa wameisahau.

Mchangiaji kutoka London

Naomba kuongeza jambo ambalo huwa halijulikani sana nje ya Uingereza. Hip hop ya Kiingereza ilikuwapo kabla ya grime, na iliendelea kuwapo kando yake. London Posse walikuwa wakichana kwa lafudhi ya London tangu miaka ya 1980. Roots Manuva alitoa albamu ya Run Come Save Me mwaka 2001. Skinnyman na Klashnekoff walikuwa na wafuasi wao. Kama grime ingekuwa ndiyo hip hop ya Waingereza, watu hawa wangekuwa wazee wake. Hawakuwa. Kumbi zilikuwa tofauti, na kwa miaka kadhaa kila upande uliutazama mwenzake kwa jicho la pembeni: watu wa hip hop waliona grime ni makelele ya watoto, na watoto wenyewe waliona wale wanaiga New York.

Tena, kasi ya ulimi inayowashangaza wengi haikutoka Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, saundi sistimu (kundi la dijei na maemsii lenye spika zake kubwa) ya Saxon kusini mwa London iliwatoa maemsii wa reggae waliokuza mtindo wa kughani kwa kasi kubwa, miongoni mwao Papa Levi na Smiley Culture, na nyimbo zao zilifika kwenye santuri mwaka 1984. Ulimi huo ulipita kwa maemsii wa jungle kama Stevie Hyper D na Skibadee kabla ya kufika grime. Hata desturi ya mapambano, ile ya kusimama uso kwa uso kama Wiley na Kano mwaka 2004 katika chumba cha chini cha nyumba ya prodyuza Jammer, huku kamera ikirekodi DVD ya mapambano iitwayo Lord of the Mics, ni desturi ya saundi sistimu za Jamaika. Wajamaika walioanza kuhamia London baada ya mwaka 1948 ndio walioleta mbegu hiyo.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Sisi huku tunalo jambo linalofanana na hili. Singeli ina emsii, ina maneno yanayotoka kama risasi, na vijana wake wanajua hip hop vizuri tu. Lakini mtu akija Manzese au Tandale akasema singeli ni tawi la hip hop atachekwa, kwa sababu kila mtu anajua imetoka kwenye mchiriku na ngoma za vigodoro. Kuchana peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwana hip hop. Mkuu wa Nairobi, ukikubali hilo kwa singeli, kwa nini ulikatae kwa grime?

Mchangiaji kutoka Mombasa

Mnazungumzia asili kana kwamba wanamuziki ndio walioachiwa kuamua. Lady Sovereign, emsii wa grime, aliposainiwa na Def Jam, kampuni ya New York, aliuzwa kwa Wamarekani kama rapa wa kike kutoka Uingereza, na hapakuwa na muda wa kueleza habari za garage. Polisi nao walikuwa na mizani yao. Fomu namba 696 ya polisi wa London, ambayo kumbi zilitakiwa kuijaza kabla ya maonyesho, iliwahi kuuliza waziwazi aina ya muziki na kabila la watu wanaotarajiwa kuhudhuria. Maswali hayo yaliondolewa baada ya malalamiko, lakini fomu yenyewe haikufutwa hadi Novemba 2017. Mbele ya fomu ile, garage, bashment (dancehall) na grime vilikuwa kitu kimoja: muziki wa vijana weusi. "Pow!" ya Lethal Bizzle ya mwaka 2004 ilipigwa marufuku katika kumbi nyingi kwa kuwa ilidaiwa kuwapandisha watu mori. Kwa hiyo swali langu kwenu wote ni hili: jina linamfaa nani?

Mleta mada

Nawashukuru wote. Ndugu wa Nairobi, hoja ya Bronx ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa hapa, nami nakubali kila tukio ulilolitaja. Ninachokataa ni hitimisho. Kool Herc alizaliwa Kingston, akahamia Bronx mwaka 1967 akiwa kijana mdogo, na spika kubwa pamoja na emsii anayezungumza juu ya santuri ni vitu alivyoviona Jamaika. Kwa hiyo Bronx ya 1973 na Bow ya 2002 zinafanana kwa sababu zina babu mmoja. Ndugu wawili wa baba wadogo na wakubwa wanaweza kufanana sura bila mmoja kumzaa mwenzake, na maelezo ya ndugu yetu wa London kuhusu Saxon yanaonyesha njia ambayo upande wa Uingereza ulipitia, njia isiyopita New York.

Kuna ushahidi mwingine ambao naona hip hop haiwezi kuudai. Mwaka 2013 maprodyuza wa grime walianza kurushiana biti za kushambuliana, kila mmoja akimjibu mwenzake kwa ala tupu bila neno hata moja la emsii, na mashabiki wakaamua nani kashinda. Katika hip hop mapambano yanayojulikana zaidi ni ya maneno. Muziki ambao biti yake inaweza kutukana na ikaeleweka una nasaba ya ukumbi wa dansi na santuri za dijei, hata kama emsii ndiye anayeonekana mbele.

Hata hivyo, sitetei kwamba hali ilibaki hivyo. Nadhani kosa tunalolifanya wengi ni kuuliza swali hili bila kutaja mwaka. Boy in da Corner ya Dizzee Rascal ilipopata tuzo ya Mercury, ya albamu bora ya mwaka, mwaka 2003, grime ilianza kujifunza kuwa albamu, na Konnichiwa ya Skepta ilipoipata tuzo hiyohiyo mwaka 2016, ilikuwa imekwisha kujifunza. Gang Signs & Prayer ya Stormzy, iliyofika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 2017, ina nyimbo za kasi ya 140 zinazotambulika mara moja, lakini ina pia gospel, R&B na rap ya mwendo wa pole, na imejengwa kama albamu ya hip hop inavyojengwa: msanii mmoja, maisha yake, imani yake, mama yake. Aliyemfahamu Stormzy kwa albamu hiyo peke yake hana kosa akimwita rapa. Na kwa ndugu wa Mombasa, jina linawafaa wale waliotengeneza kitu bila kampuni wala redio halali. Likipotea, historia itaandika kwamba walikuwa wakiiga Wamarekani, jambo ambalo hawakulifanya.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Nakubali nasaba ya Jamaika, lakini bado sikubali kwamba undugu huo unaitoa grime nje ya nyumba. Labda unaonyesha kwamba nyumba yenyewe ni kubwa kuliko jina lake. Wacha nilete mfano wa karibu. Drill, mtindo wa rap wa mitaani, ilianza Chicago, na ni hip hop bila ubishi. Ikafika Brixton, kusini mwa London, ikakutana na maprodyuza waliokulia kwenye grime na garage, ikapata kasi ya karibu 140 na besi inayoteleza. Mwaka 2019 808Melo, prodyuza wa mashariki mwa London, akampa Pop Smoke wa Brooklyn biti ya "Welcome to the Party", na New York ikaanza kuchana juu ya biti za London. Buruklyn Boyz wa hapa kwetu Buruburu wakaupokea mtindo huo kwa Sheng, na albamu yao ya mwaka 2021 wakaiita East Mpaka London, si East Mpaka Chicago. Ndugu mleta mada, kwa kipimo chako cha namna muziki unavyotengenezwa, Pop Smoke itabidi ahamishiwe upande wenu, nami sijaona mtu wa Brooklyn atakayelikubali hilo.

Mleta mada

Pop Smoke simchukui. Biti yake, naam.