Tupeane uzoefu: mnapimaje HIV na magonjwa ya zinaa mara kwa mara bila kukosa kazi?

Mpangaji wa Pipeline: Wadau, hamjambo. Nafanya kazi Industrial Area hapa Nairobi, naingia saa moja asubuhi, natoka saa kumi na mbili jioni. Kituo cha afya cha serikali kupima HIV ni bure, ila nikifika wameshafunga. Mimi na mwenzangu tumekubaliana kila miezi 3. Majibu hayanitishi, kinachonisumbua ni ruhusa ya bosi. Nyinyi mnafanyaje?

Konda Mstaafu: Duka la dawa, mkuu. Vifaa vya kujipima vilianza kuuzwa 2017. Mimi huchukua kile cha mate. Usile wala kunywa kwa robo saa kabla, na kama umepiga mswaki ngoja nusu saa. Pitisha kijiti mara moja kwenye ufizi wa juu, mara moja wa chini, kitumbukize kwenye kichupa, weka kengele ya simu dakika 20. Zikipita 40 usisome tena. Mstari penye C peke yake, hakijaona kitu. Penye C na T, nenda kituoni wathibitishe kwanza, usimpigie mtu simu ukilia. C isipotokea, kifaa kibovu, tupa. Mwenye duka hakuulizi maswali, ingawa mimi huongeza na Panadol ili ionekane nimekuja kwa mengine.

Binti wa Kawangware: Kaka, hiyo ni HIV tu. Mimi niliingia kliniki moja nikasema nipimeni yote, nikatobolewa kidole, nikaambiwa uko sawa. Yote gani hayo? Vituo vingi vya umma hutibu kisonono na klamidia kwa kuangalia dalili. Huna dalili, hakuna atakayekuomba sampuli, na sisi wanawake mara nyingi hatuoni dalili yoyote. Kwa hivyo taja kwa jina: kaswende ni damu, kisonono na klamidia ni mkojo au kijiti cha pamba. Maabara za watu binafsi bei inauma, kwa hivyo hayo mawili nayapima mara moja kwa mwaka.

HIV nimeifunga na sindano yangu ya kupanga uzazi. Sindano ni kila miezi 3, nikiinyoosha mikono yote miwili nimemaliza. Tarehe iko kwenye kadi, sihitaji kukumbuka.

Jirani wa Umoja: Tuseme na aibu pia. Kuna mahali, sitapataja, mtu wa mapokezi aliita kwa sauti "wa VCT ni nani?" VCT ni ushauri na kupima HIV, kwa hivyo benchi zima likageuka. Siku hizi napima tao, katikati ya jiji, ambako hanijui hata mwenye mandazi.

Baba Wawili: Wanaume wenzangu, majibu ya HIV ya mkeo kwenye kliniki ya wajawazito si yako. Yeye anaweza kuwa hana virusi na wewe unavyo. Mimi niliingia naye, tukapimwa wote wawili, na kwa kuwa nimemsindikiza tukapitishwa mbele ya foleni. Saa nne nilikuwa kazini.

Mshauri Nasaha: Niongeze kidogo, kazi yangu ni hii. Ukipima siku chache baada ya tukio la hatari, kama ngono bila kinga, kipimo hakioni kitu, kwa hivyo rudia baada ya miezi 3. Tukio la jana usilisubirie kipimo: PEP, dawa za kuzuia HIV baada ya tukio, huanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Anayetumia PrEP, dawa ya kujikinga na HIV kabla ya tukio, tayari hupimwa kila miezi 3 anapofuata dawa. Aliye kwenye ARV, dawa za anayeishi na HIV, asijipimie nyumbani kwa sababu majibu yanaweza kumdanganya.

Mpangaji wa Pipeline: Asanteni sana. Duka la dawa hapa stage hufunga saa tatu usiku, shida ya kupima HIV imeisha. Dada wa Kawangware, huo mkojo naweza kuubeba kutoka nyumbani?

Binti wa Kawangware: Toa huko huko maabara. Usikojoe kwa saa nzima kabla, na uwape ule wa mwanzo kabisa kutoka. Jumamosi asubuhi foleni ni fupi.