Kompyuta za msaada kutoka Ulaya: tupokee au tugome?

Mchokoo: Wakuu, shule ya kata huku kwetu imeletewa kompyuta kuukuu 20 kutoka Ujerumani. Risala, picha, soda. Nimechungulia: nyingi haziwaki, zinazowaka ni Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025. Tangu Januari 2025 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kusafirisha taka hatari, unataka taka yoyote ya kielektroniki, iwe na sumu isiwe nayo, isivuke mpaka bila idhini ya nchi inayoipokea. Sasa hii ikiandikwa "msaada" inakuwa siyo taka?

BintiChumbageni: Tupokee. Windows 10 haijafa, imekosa marekebisho ya usalama tu. Wekeni Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, watoto wajifunze. Shida walimu, wanazifungia stoo kwa kuwa hata kuziwasha hawajui.

Mwl_Kibaoni: Hatujui kuwasha? Dada, luku ya shule nani ananunua? Tukiomba mchango mnakimbilia kwa DC kusema elimu ni bure. Njoo uwashe wewe.

FundiBodi: Mwalimu, punguza presha. Leta hivyo vimeo Kariakoo. Natoa ramu huku, pawa saplai kule, unaondoka na kadhaa nzima. Mzungu ametupa, sisi tunafufua.

Mwl_Kibaoni: Kariakoo hiyohiyo? Unapeleka simu ibadilishwe kioo, inarudi na betri ya simu nyingine.

FundiBodi: Umeibiwa kwa fundi wako, usitupake wote. Mteja ana elfu kumi anataka kioo orijino, halafu mwizi ni mimi!

Laini3: Bora hata orijino ipo. TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, walizima simu feki 2015, yangu ikaenda na maji.

BintiChumbageni: 2016. Juni 16, usiku. Mjomba alikesha akiongea nayo mpaka ikakata.

Laini3: Hahaa! Yangu ipo kabatini. Tochi bado inawaka.

Mchokoo: Jamani, mada! Halafu wewe fundi, ukishatoa ramu, mabaki yanakwenda wapi?

FundiBodi: Wa chuma chakavu wanapita.

Mchokoo: Nao wanachoma nyaya wapate shaba, moshi tunavuta sote. Agbogbloshie, jalala la vifaa hivi kule Accra, Ghana, walichoma miaka mpaka serikali ikabomoa 2021. Umoja wa Mataifa wanasema mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za taka hizi, zilizorejelezwa kwa utaratibu hazikufika robo.

Laini3: TV yetu ya chogo kuku anatagia.

Mchokoo: Kioo cha chogo kina madini ya risasi, ni sumu, ndugu. Hamisha kuku.

Laini3: Mayai tumekula miaka yote hiyo, leo ndiyo yana sumu?

FundiBodi: Mwalimu, hebu tuongee biashara. Hizo mbovu unaachia bei gani?

Mwl_Kibaoni: Za serikali hizo, zimeshaingia kwenye leja. Bila kibali cha kuzifuta, hata kipanya kilichokufa hakitoki stoo. Ndiyo maana "tumezifungia". Na la luku bado hamjanijibu.