Beit al-Ajaib: lilihimili mizinga ya 1896, kwa nini likaanguka 2020?

Mkaazi_Forodhani
Asalaam alaykum. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash hapa Zanzibar, lililojengwa 1883, lilibaki limesimama Waingereza walipopiga mizinga tarehe 27 Agosti 1896, ilhali jumba la jirani, Beit al-Hukm, lilibomoka lisijengwe tena. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, mnara wa saa na sehemu kubwa ya mbele vikaporomoka na watu wakafa. Kuta zile nene, udhaifu ulikuwa wapi?

Boriti_na_Chokaa
Wa alaykum salaam. Unene wa ukuta usikudanganye, sheikh. Tazama kilichoingizwa ndani yake. Vyumba vya kawaida vya Mji Mkongwe ni vyembamba, upana wa mita 3 hivi, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo. Barghash alitaka kumbi pana, kwa hiyo sakafu zikalazwa juu ya mihimili ya chuma, na roshani zikazungushiwa nguzo za chuma cha kalibu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Chuma kikila kutu hufura mara kadhaa ya ujazo wake, na ncha iliyofukiwa ukutani hupasua mawe kutokea ndani. Dalili ya kwanza ni ufa wa kulala, usawa wa sakafu. Gonga plasta karibu nayo: ikilia tupu, mawe nyuma yake yameshaachana. Pale ufukweni hewa ya chumvi huongeza kasi, na paa likivuja maji huteremkia ncha zilezile. Dalili hazikukosekana: kipande cha roshani kilianguka 2012.

Halafu huo mnara. Wa zamani ulisimama peke yake mbele ya jumba, mizinga ikauangusha. Mpya uliungwa kwenye uso wa jumba 1897, kwa hiyo ni uzito ambao jengo halikusanifiwa kuubeba.

Fundi_Mwashi
Niongeze saruji, adui wa nyumba hizi. Ukuta wa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupaka saruji unyevu hunaswa, chumvi huganda nyuma ya plasta, na udongo wa katikati hugeuka vumbi. Ukitoboa tundu, mchanga unamwagika kama wa kwenye gunia. Ukuta kama huo una ngozi mbili zisizoshikana, na ukizibandua plasta kabla ya kuweka miega (nguzo za kuegemeza) unaweza kuondoa kitu cha mwisho kinachozishikilia.

Miega ianzie chini kabisa, ipande ghorofa kwa ghorofa, isiwe kwenye ghorofa lenye ufa tu, maana hapo unahamishia mzigo kwenye sakafu ambayo nayo ni mbovu. Punguza vitu vya juu. Bandika jasi juu ya ufa na uandike tarehe. Ikikatika, ukuta bado unatembea. Ndipo ujaze uji wa chokaa, kuanzia chini kwenda juu, kidogo kidogo: ukijaza kwa mkupuo, msukumo wa uji hutumbua ukuta. Plasta ni chokaa 1 kwa mchanga 3, chokaa iliyolowekwa miezi kadhaa, tabaka lisizidi sentimita 1, magunia mabichi juu yake wiki nzima. Wenye haraka ndio hurudi kwenye saruji.

Mkaazi_Forodhani
Ahsanteni. Na nguzo za chuma zinafaa kurudishwa?

Boriti_na_Chokaa
Nzima, ndiyo. Chuma cha kalibu hakipindi kikakuonya, hukatika ghafla, kwa hiyo kila nguzo ikaguliwe nyufa, hasa chini inapokaa maji na pale inapopokea mhimili. Isichomelewe kama nondo, joto la ghafla huipasua. Ipewe namba, irudi mahali pake. Mihimili iliyolika ndiyo ya kubadilisha, na ncha mpya zikingwe kutu kabla ya kuingia ukutani. Wanaotaka kumwaga zege lenye sura ileile wajenge, ila waliite jina jingine.